Pumzi ya Fundi Ndani ya Kioo



Ndugu zetu waheshimiwa, mama zetu na dada zetu wasomaji wa ukurasa huu, juma hili tumechagua maudhui ambayo huenda yakaonekana madogo. Nayo ni vyombo vya maua vya kioo, vile vinavyofanywa kimoja kimoja kwa mkono wa fundi na kwa pumzi yake. Tumepokea barua mbili juu yake. Ya kwanza imetoka kwa dada anayetaka kuanza kuvikusanya, naye auliza: nitajuaje kilicho cha mkono na kilicho cha mashine, na je, si israfu? Ya pili imetoka kwa mama aliyevikusanya kwa miaka mingi, na kimoja kati ya hivyo kimevunjwa na binti anayemsaidia kazi za nyumbani. Yeye auliza kama ana haki ya kukata thamani yake katika mshahara wa binti huyo. Tutaanza na la kwanza, kwani atakayefahamu chombo hiki hufanywaje ndiye atakayeweza kulipima vyema la pili.

Mchanga, magadi na chokaa

Kioo chatokana na vitu vya kawaida kabisa. Mchanga peke yake wahitaji moto mkali mno ndipo uyeyuke. Magadi hupunguza ukali unaohitajika, na chokaa hukiimarisha kioo kisije kikaliwa na maji. Magadi ya Ziwa Magadi, katika nchi yetu hii, yametumika kwa miaka mingi katika viwanda vya kioo, na mama zetu wayajua kwa kulainishia maharagwe jikoni.

Watu walijua kuyeyusha kioo kwa karne nyingi kabla ya kujua kukipuliza. Maarifa ya kupuliza yalizuka katika nchi za Shamu na Palestina, katika karne ya kwanza kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Chombo kilichokuwa kikimchukua fundi muda mrefu kukamilisha kikawa chapatikana kwa dakika chache, na kioo kikatoka katika majumba ya wafalme kikaingia katika nyumba za watu wa kawaida. Baadaye mafundi Waislamu wa Misri na Shamu, katika karne ya 13 na ya 14, walifanya taa za misikiti za kioo zilizopambwa kwa rangi na dhahabu, na nyingi kati ya hizo zimeandikwa shingoni maneno ya Aya ya Nuru, kwa kuwa aya hiyo yenyewe yataja taa iliyo ndani ya kioo. Katika mji wa Al-Khalil huko Palestina matanuri ya kioo yangali yawaka hadi leo.

Wala pwani yetu haikuwa mbali na mambo haya. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata vipande vya vyombo vya kioo vilivyoletwa na majahazi. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa na zidaka ukutani, na ndani ya zidaka hizo bibi zetu walipanga sahani za kauri na vyombo vya thamani. Mrashi wa marashi tunauona hadi leo katika harusi zetu. Dada yetu muulizaji, basi, hakuanzisha jambo geni. Ameendeleza la bibi yake.

Namna kinavyofanywa

Fundi huchovya ncha ya bomba refu la chuma ndani ya tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Sentigredi, akatoka na bonge la kioo kinachovutika kama asali nzito. Tangu hapo hana ruhusa ya kusimama. Hulizungusha bomba bila kukoma, kwani akiacha kulizungusha, kioo huelemea upande mmoja na kumwagika. Hupuliza pumzi ndogo, na ndani ya bonge hutokea uwazi. Akitaka rangi hulibingirisha juu ya unga au vipande vya kioo cha rangi, kisha hulichovya tena tanurini ili rangi ifunikwe na kioo safi. Kila linapoanza kuwa gumu hulirudisha motoni.

Umbo likikaribia kukamilika, msaidizi huja na fimbo nyingine ya chuma yenye tone la kioo nchani, akaigandisha chini ya chombo. Bomba la kupulizia hukatwa upande wa juu, na hapo ndipo mdomo wa chombo hufunguliwa kwa koleo. Mwishowe chombo hugongwa kidogo kikaachana na fimbo, kikapelekwa katika tanuri la kupoozea lenye joto la nyuzi 500 hivi, nacho hupozwa humo polepole kwa saa nyingi. Kikipozwa kwa haraka hupasuka, pengine siku hiyo, pengine baada ya siku kadhaa kikiwa kimekaa juu ya meza bila kuguswa na mtu. Hakuna karakana isiyokuwa na pipa la vipande vilivyovunjika, na fundi mkubwa huvunja kama avunjavyo mwanafunzi.

Gereji ya Toledo

Hadi katikati ya karne ya 20 kazi hii, katika nchi za Magharibi, ilikuwa karibu yote mikononi mwa viwanda. Msanii alichora karatasini, mafundi wakapuliza, na jina lililobaki aghalabu likawa la kiwanda. Iliaminika kwamba mtu mmoja hawezi kuwa na tanuri lake mwenyewe.

Aliyeipinga imani hiyo ni Harvey Littleton, mwalimu wa ufinyanzi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Alizaliwa katika nyumba ya kioo, kama tuwezavyo kusema. Baba yake alikuwa mwanafizikia katika kiwanda cha kioo cha Corning, jimbo la New York. Mama yake, Bessie, mwaka 1913 alioka keki ndani ya kitako cha mtungi wa kioo uliokatwa, wa aina iliyotumika kwa betri, ambao mumewe alimletea kutoka kazini. Keki iliiva vizuri. Jaribio hilo la jikoni lilifungua njia ya vyombo vya Pyrex, vilivyoingia sokoni mwaka 1915, na dada zetu wanaopika ndani yake leo wana deni la shukrani kwa bibi huyo.

Mwezi wa Machi 1962 Littleton aliongoza semina katika gereji ndogo ndani ya uwanja wa Makumbusho ya Sanaa ya Toledo, jimbo la Ohio. Kioo cha kwanza walichoyeyusha hakikufaa. Mtaalamu wa kioo, Dominick Labino, akawapa shauri juu ya tanuri lao, akawapatia gololi za kioo zilizokusudiwa kutengenezea nyuzi, nazo ziliyeyuka sawasawa. Hata hivyo wanafunzi hawakujua kupuliza. Akaja mzee mstaafu wa kiwanda cha Libbey, Harvey Leafgreen, akalishika bomba na kuwaonyesha. Semina ya pili ilifuata mwezi wa Juni mwaka huo huo, na Littleton akaanza kufundisha fani hii katika chuo chake.

Tuna la kuzingatia hapa. Walikuwapo mwalimu wa chuo na mtaalamu wa maabara, lakini mambo hayakukamilika mpaka alipokuja mzee aliyefanya kazi kiwandani kwa mikono yake, ambaye jina lake halikupata kuandikwa chini ya chombo chochote alichopulizia kiwanda.

Kutoka hapo fani ilienea. Dale Chihuly, mwanafunzi wa Littleton, alishiriki kuanzisha shule ya kioo ya Pilchuck katika jimbo la Washington mwaka 1971. Michael Harris, aliyekuwa mwalimu katika Royal College of Art mjini London, alianzisha karakana ya Mdina katika kisiwa cha Malta mwaka 1968, na nyingine katika kisiwa cha Wight, Uingereza, mwaka 1973. Vyombo vya karakana hizi mbili vina rangi za bahari na mchanga, na wakusanyaji wa Ulaya wavipenda sana.

Alama za mkono

Wahenga walisema, kizuri hakikosi ila. Methali hii ndiyo kipimo cha kwanza cha mkusanyaji wa kioo. Kipindue chombo utazame chini yake. Ikiwa kilishikwa kwa fimbo ya chuma, huwa na kovu: pengine duara lenye makali, pengine kishimo kilichosuguliwa kikawa laini. Kitazame ubavuni. Chombo kilichofinywa katika kalibu na mashine aghalabu huwa na mstari mwembamba kutoka juu hadi chini, pale zilipokutana sehemu mbili za kalibu. Cha mkono mtupu hakina mstari huo. Pitisha kidole mdomoni. Cha mkono huwa na unene unaobadilika kidogo. Ukikiangalia juani yamkini utaona kiputo kimoja kimoja cha hewa.

Tazama pia kama mdomo umesagwa. Kuna wauzaji ambao chombo kikimeguka mdomoni hukisaga kikawa sawa, kisha hukiuza kwa bei ya kilicho kizima. Mdomo uliofunguliwa motoni huwa wa mviringo na laini. Uliosagwa huwa bapa na wenye ukingo mkali. Muuzaji ajuaye aibu ya bidhaa yake ni wajibu wake kuidhihirisha, na anayeificha amekula haki ya mwenziwe.

Ama sahihi, isikudanganye. Vyombo vingi vya Mdina vimechorwa chini jina la karakana, na ni vichache tu vyenye sahihi ya Harris mwenyewe. Chihuly alipoteza jicho la kushoto katika ajali ya gari huko Uingereza mwaka 1976, kisha akaumia bega mwaka 1979, akaacha kupuliza. Tangu hapo yeye huchora na kuelekeza, na mafundi wengine hupuliza. Hakuna udanganyifu katika hilo, kwani lajulikana na wote. Lakini mnunuzi na ajue kwamba sahihi ni ya mmoja na pumzi ni ya mwingine.

Kununua, na suala la israfu

Israfu ni kupita mpaka, na mpaka wa kila nyumba huwekwa na mapato yake, madeni yake na haki za watu walio ndani yake. Anayelipa karo, akalipa kodi, akatimiza haki za wazazi na jirani, kisha akanunua chombo kizuri kwa fedha yake ya halali, hatuna la kumlaumu. Anayekopa ili apambe sebule, huyo amevuka mpaka hata kama chombo ni cha bei ndogo. Shauri letu kwa dada yetu ni anunue kimoja kwa mwaka baada ya kuvitazama vingi, na asinunue kwa kushindana.

Wala si lazima aanze na cha ng'ambo. Hapa kwetu ipo kazi ya Kitengela, kusini ya Mbuga ya Nairobi, mahali palipoanzishwa na msanii Nani Croze. Mafundi wa huko huyeyusha vioo vilivyokwisha kutumika na kuvipuliza upya vikawa bilauri, majagi na vyombo vya maua. Anayenunua karibu na tanuri aweza kumuona aliyepuliza, akamuuliza, akamshukuru kwa jina lake.

Kila chombo kiandikwe katika daftari: kilinunuliwa wapi, lini, kwa bei gani, na nani alikifanya. Siku ya kugawanya mirathi warithi wasije wakauza kwa bei ya chupa tupu kitu kilichokuwa na thamani. Na kuhusu zaka, vyombo vya kupambia nyumba na kutumia havina zaka. Ama aliyevinunua kwa nia ya kuviuza ili apate faida, hivyo ni bidhaa za biashara. Atavithamini kwa bei ya soko mwaka unapotimia, na vikifikia nisabu, pamoja na mali nyingine ya biashara, atatoa asilimia 2.5.

Kukitunza

Chombo kioshwe kwa mkono, kwa maji ya uvuguvugu. Maji ya moto ndani ya kioo baridi hukipasua. Maji ya visima vyetu vya pwani yana chumvi na chokaa, nayo huacha utando mweupe ndani. Tia siki na konzi ya mchele, uvitikise taratibu, kisha usuuze. Maua yakinyauka, maji yamwagwe siku hiyo hiyo, kwani maji yakikaa kwa miezi hukila kioo, na ukungu wake hauondoki kwa kusugua. Kisiwekwe dirishani kwenye jua kikiwa na maji, maana hukusanya miale ya jua na chaweza kuchoma pazia. Wala kisiwekwe ukingoni mwa rafu, hasa palipo na watoto, au pale ambapo mtu hupita na ufagio na ndoo.

Barua ya pili

Sasa tumjibu mama yetu. Ameeleza kwamba chombo chake kilikuwa juu ya rafu nyembamba ya ukumbini. Binti alikuwa akipangusa vumbi kama alivyoamrishwa, mkono ukiwa na majimaji, kikamponyoka. Bei yake ni sawa na mishahara miwili ya binti huyo. Mama ameamua kuikata kidogo kidogo kwa miezi sita, na mwezi wa kwanza amekwisha kuukata. Ameongeza kwamba tangu siku hiyo binti hasemi, naye pia hamsemeshi.

Mama yetu, twakujibu kwa heshima, nasi hatutazunguka. Mfanyakazi wa nyumbani ni mtu uliyemuamini kwa mali yako. Kauli ya wanavyuoni wengi ni kwamba aliyeaminiwa hatozwi kilichoharibika mkononi mwake ila ikithibiti kwamba alifanya ujeuri au uzembe. Kwa maelezo yako mwenyewe, huyu alikuwa katika kazi uliyomtuma, mahali ulipopachagua wewe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo huruhusu kukata kiasi cha kadiri kwa hasara iliyotokana na kosa la kukusudia la mfanyakazi. Hapa hapakuwa na kukusudia. Kwa hivyo, fedha ya mwezi uliopita irudishe, na mingine usiikate.

Inasimuliwa katika hadithi sahihi ya Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wake zake, na mke mwingine akamtuma mtumishi na sahani ya chakula. Mwenye nyumba, kwa wivu, akaupiga mkono wa mtumishi, sahani ikaanguka ikavunjika. Mtume (s.a.w.) aliviokota vipande, akakikusanya chakula, akawaeleza waliohudhuria kwamba mama yao ameshikwa na wivu. Kisha akamzuia mtumishi asiondoke mpaka ilipoletwa sahani nzima kutoka katika nyumba hiyo, akampa airudishe kwa mwenyewe. Mwenye mali hakudhulumiwa, kwani alilipwa. Aliyevunja alitoa badala. Na yule ambaye sahani ilimtoka mkononi hakulaumiwa wala hakutozwa chochote. Anas mwenyewe alimtumikia Mtume (s.a.w.) kwa miaka kumi, naye ametueleza kwamba hakusikia kutoka kwake hata neno la kuchoshwa naye.

Fauka ya hayo, mama, umetuandikia kwamba ulikipenda chombo hicho kwa sababu kilifanywa kwa mkono wa mtu. Kovu lililo chini yake, ambalo wewe walionyesha wageni kwa fahari, ni athari ya mkono wa msaidizi aliyeishika fimbo, kijana ambaye hukujua jina lake. Binti aliye nyumbani mwako naye ni mwenye mikono, na mikono hiyo ndiyo iliyovipangusa vyombo vyako vyote miaka hii bila kuvunja. Haitaelekea kumheshimu yule wa Malta usiyemuona na kumkatia huyu mshahara unaojua kuwa wenda kwa mama yake kila mwisho wa mwezi.

Unaposoma haya, usingoje siku nyingine. Mwite kwa jina lake, umpe fedha yake mkononi, na wewe ndiwe uanze kusema, maana yeye hathubutu kuanza. Kisha viondoeni pamoja vyombo vilivyobaki juu ya rafu ile nyembamba, mvitafutie mahali pa chini palipo papana, na umfundishe namna ya kuvishika: mkono mmoja chini na mmoja ubavuni, mikono ikiwa mikavu. Na wale wengine wenye vyombo kama hivi na wasaidizi nyumbani, wafanye hivyo kabla hakijavunjika kitu.

Juma lijalo, inshallah, tutajibu maswali yaliyotufikia kuhusu wasia na maandishi yake.